Gambiti ya Milner-Barry: je, Nyeusi aliangushwa na ufunguzi au na hatua ya 13?

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Salamu kwa wachezaji wote wa sataranji. Ninaandika kwa niaba ya wanachama wawili wa kikundi chetu hapa Ibanda, ambao tangu Jumamosi wanabishana juu ya mchezo walioucheza, na ubishi wao umewagawa wengine wote waliokuwa wamekaa kuwatazama. Wote wawili ni wachezaji wa kawaida wa klabu: wanajua mipango mikuu ya funguzi chache, hawatoi kipande bure mara kwa mara, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuwa na mwalimu. Kila mmoja alikuwa na dakika 60 kwenye saa.

Mchezo ni ulinzi wa Kifaransa (Nyeusi kumjibu e4 kwa e6) ulioingia kwenye gambiti ya Milner-Barry; gambiti ni kutoa vitunda kwa makusudi ili kupata mashambulizi. Nitaandika hatua kwa herufi za Kifaransa tulizozizoea huku kwetu: R ni mfalme, D malkia, T ngome, F askofu, C farasi. Vitunda, vile vipande vidogo vya mstari wa mbele, havina herufi. Alama x ni kula, + ni shahi (mfalme kushambuliwa), O-O ni roki (mfalme na ngome kuhama pamoja), na nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya Nyeusi.

1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Cc6 5.Cf3 Db6 6.Fd3 cxd4 7.cxd4 Fd7 8.O-O Cxd4 9.Cxd4 Dxd4 10.Cc3 Dxe5 11.Te1 Dd6 12.Cb5 Db8 13.Df3 a6 14.Ff4 Dc8 15.Cc7+ Rd8 16.Cxa8 Dxa8

Baada ya hapo Nyeupe alikuwa na ngome dhidi ya farasi, mfalme wa Nyeusi alikwama katikati ya ubao, na mchezo ukaisha kwa Nyeusi kusalimu amri. Hatua zilizobaki sioni haja ya kuziandika, kwa sababu ubishi hauzihusu.

Mchezaji wa Nyeusi anashikilia kwamba kosa lilikuwa kula vitunda viwili kwa malkia huku vipande vyake vingine vikiwa bado nyumbani, na kwamba tangu hatua ya 10 hakuwa tena na mchezo. Mchezaji wa Nyeupe, ambaye ungetegemea afurahie maelezo hayo, anayakataa: anasema yeye mwenyewe aliogopa sana baada ya kutoa vitunda viwili, na kama Nyeusi angejibu vizuri, yeye ndiye angekuwa taabani. Ningependa kusikia kutoka kwenu ni hatua ipi hasa iliyouharibu mchezo huu, na kama ulinzi huu wa Kifaransa unafaa kwa watu wa kiwango chetu au ni afadhali tuuache.

Farasi wa Himbi (Goma)

Ndugu Katibu, nashukuru kwa kuuweka mchezo mzima mbele yetu, maana mara nyingi watu huleta malalamiko bila hatua.

Kwanza, hadi hatua ya 10 Nyeusi hakukosea lolote. Kitunda cha d4 kinashambuliwa na farasi wa c6 na malkia wa b6, na kinaweza kuliwa, ila kwa mpangilio maalumu. Kama Nyeusi angekula haraka kwa 7...Cxd4, basi 8.Cxd4 Dxd4 9.Fb5+ ingemaliza kila kitu, kwa sababu askofu anampa mfalme shahi huku akifungua njia ya malkia wa d1 kumla malkia wa d4. Ndiyo maana 7...Fd7 ilikuwa hatua ya lazima: inaifunga njia ya shahi hiyo, na kuanzia hapo tishio la kula d4 ni la kweli. Nyeupe alikuwa na hiari ya kukilinda kitunda chake kwa kumrudisha askofu c2 au e2, lakini alichagua kufanya roki na kukiacha kiliwe. Huo ndio mwanzo wa gambiti yenyewe.

Sasa tuje kwenye hatua ya 10. Farasi wa Nyeupe anapofika c3, kuna mambo mawili yanayomngoja malkia wa Nyeusi: kitunda cha pili kilichosimama wazi pale e5, na mraba wa b5 ambao farasi huyo anautamani. Jibu linalopendwa na watu wengi wanaoujua mstari huu, yaani mfululizo huu wa hatua, ni 10...a6, yaani kuacha kitunda cha pili na kumnyima farasi mraba wake. Baada ya 11.De2 Ce7 12.Rh1 Cc6 13.f4 Cb4, Nyeusi ana kitunda kimoja cha ziada, farasi wake anamsumbua askofu wa d3, na 14.Td1 Cxd3 15.Txd3 Db6 inamwondolea Nyeupe askofu aliyekuwa moyo wa mashambulizi. Sisemi kwamba mchezo umekwisha, kwa kuwa Nyeupe bado ana kitunda cha f cha kusukuma mbele, lakini Nyeusi anacheza akiwa mtulivu.

Mnaona basi kichekesho cha mchezo huu: Nyeusi aliicheza a6. Aliicheza hatua tatu baadaye, wakati farasi ameshakaa b5 na malkia ameshasukumwa hadi b8. Katika hatua ya 10 a6 ingekuwa ukuta, lakini katika hatua ya 13 ilikuwa inampa Nyeupe nafasi ya kuendelea bila kumjali mtu. Baada ya 14.Ff4 malkia hana pa kukimbilia: a7 inalindwa na farasi yule yule wa b5, na akienda c8 au d8 anakutana na Cc7+, kwa sababu askofu wa f4 anaulinda mraba wa c7. Ngome ya a8 lazima iende.

Kwa hiyo jibu langu kwa mchezaji wa Nyeusi ni kwamba yuko karibu na ukweli. Kula e5 si kufa, lakini kunamtaka mtu ajue anachofanya.

Dada wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi huicheza gambiti hii kwa upande wa Nyeupe karibu kila ninapokutana na 1...e6, kwa hiyo niruhusuni niutetee ulafi wa Nyeusi, ingawa unanidhuru.

Yaya wangu Farasi wa Himbi amesema vizuri kuhusu 10...a6, lakini amekipita haraka mno kitunda cha e5. Ukihesabu baada ya 11.Te1, Nyeusi ana vitunda saba na Nyeupe ana vitano. Nyeupe hana mati ya karibu. Anachonacho ni muda, ngome kwenye safu ya e, na ukweli kwamba kitunda cha e6 kimebanwa mbele ya mfalme wake mwenyewe. Kubanwa huko ndiko kunakoamua kila kitu, na nina mashaka kama mchezaji wa Nyeusi alikuwa anakuona wakati anapanga a6. Kwa mfano, kama angekwenda 11...Db8 badala ya d6, ningecheza 12.Cxd5 bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kitunda cha e6 hakiruhusiwi kumla farasi: kikitoka kwenye safu, mfalme wa e8 yuko wazi mbele ya ngome.

Katika mchezo wenyewe, baada ya 12.Cb5, Nyeusi alikuwa na hiari ya 12...Db6. Hapo mimi hujibu 13.Fe3, na kama Nyeusi anacheza 13...Da5, basi 14.Ff4 haina maana sawa na ile ya mchezo, kwa hiyo narudi 14.Fd2, naye anarudi 14...Db6, na tunaweza kuzunguka hivyo mpaka tukubaliane sare. Kwa mtu mwenye vitunda viwili vya ziada sare inauma, najua. Lakini Katibu ameuliza kama Nyeusi hakuwa tena na mchezo, na mtu aliye na sare mkononi bado ana mchezo.

Hata 12...Db8 haikuwa mbaya. Baada ya 13.Df3 mimi huogopa hatua moja tu, nayo ni 13...Fd6. Inaonekana kama kurudisha kitu, kwa sababu 14.Cxd6+ Dxd6 15.Ff4 inamwachia Nyeupe maaskofu wawili na malkia wa Nyeusi anafukuzwa tena, pengine hadi b6. Lakini angalieni kilichotokea: farasi mwenye hatari, yule wa b5, ametoweka ubaoni. Bila farasi huyo hakuna Cc7+, hakuna uma (kushambulia vipande viwili kwa pamoja), na mimi ndiye ninayepaswa kuthibitisha kwamba maaskofu wangu wawili wanastahili vitunda viwili. Nimeshacheza nafasi hiyo na ninaweza kusema kwamba saa yangu huwa inakimbia kuliko ya mwenzangu.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, kosa ni 13...a6 na si kingine. Tena, hata baada ya 14.Ff4 Nyeusi hakulazimika kupoteza ngome kwa utaratibu. Angeweza kujaribu 14...axb5 15.Fxb8 Txb8, akamtoa malkia kwa farasi na askofu pamoja na vitunda viwili ambavyo alikuwa navyo tayari. Katika mchezo wa klabu, ambapo mtu amebakiwa na dakika chache, nafasi kama hiyo si ya kusalimu amri. Mimi ningecheza 16.Dxd5, tena kwa sababu ya kubanwa kule kule kwa e6, na Nyeusi akijibu 16...Fe7 ningekwenda 17.De5, nikitishia ngome ya b8 na kitunda cha g7 kwa pamoja. Nyeupe anashinda, ndiyo, lakini anashinda kwa kuiona hatua ya 16, na si kila mtu anaiona.

Mwalimu Mstaafu (Lubumbashi)

Wanangu, mmechambua vizuri na sina la kuongeza juu ya hatua ya 13. Nimevutiwa zaidi na sehemu ya pili ya swali la Katibu, kama ulinzi huu unafaa kwa wachezaji wa klabu, na hapo nataka kusema kidogo kuhusu unakotoka, kwa sababu historia yake inajibu nusu ya swali.

Jina la Kifaransa linatokana na mchezo wa barua kati ya Paris na London ulioanza mwaka 1834. Chamouillet, mmoja wa wachezaji wa Paris, aliwashawishi wenzake wajibu 1.e4 kwa 1...e6, na Paris wakashinda. Ni ufunguzi uliopata jina lake kwa watu waliokuwa na siku nyingi za kufikiria kila hatua, na tangu wakati huo umeshikwa na watu wenye subira: Botvinnik, Petrosian na Korchnoi wote waliutumia. Mtu anayechagua e6 anakubali mapema kwamba atabanwa kwa muda na kwamba askofu wake wa c8 atakaa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe, na kwa malipo hayo anapata kituo imara, yaani katikati ya ubao, na haki ya kukishambulia kituo cha mwenzake kwa c5 na baadaye f6.

Hatua ya 3.e5 ilitetewa kwa nguvu na Nimzowitsch, mchezaji mashuhuri wa zamani. Katika mchezo wake dhidi ya Salwe, huko Karlsbad mwaka 1911, walifika hapo hapo walipofika vijana wetu wa Bukavu, yaani 5...Db6 6.Fd3, lakini Salwe alicheza 6...Fd7 kabla ya kubadilishana vitunda pale d4. Nimzowitsch akajibu 7.dxc5, akaachia kituo chake cha vitunda kwa hiari, kisha akaweka vipande vyake kwenye miraba ile ile ambayo vitunda vilikuwa vimekaa, na Nyeusi hakupata tena pumzi. Ndiyo sababu mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba anayetaka kukila kitunda cha d4 abadilishane kwanza, 6...cxd4, halafu ndipo amlete askofu d7. Mchezaji wenu wa Nyeusi alifuata mpangilio sahihi, na anastahili sifa kwa hilo.

Na yule Milner-Barry ambaye jina lake limekaa juu ya gambiti hii hakuwa mchezaji wa kulipwa. Philip Stuart Milner-Barry, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza. Alikuwa kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Buenos Aires mwaka 1939 vita ilipoanza, na baadaye akafanya kazi Bletchley Park, akiwa mkuu wa kitengo kilichoitwa Hut 6, kilichosoma ujumbe wa siri wa jeshi la Ujerumani. Ninalitaja hili kwa sababu vijana wengi wakisikia gambiti ina jina wanadhani ni silaha ya mabingwa wa dunia. Hii ni silaha ya mtu aliyekuwa akitoka ofisini na kwenda klabu, kama sisi. Dhidi ya mchezaji aliyejiandaa haina nguvu kubwa, na dhidi ya mchezaji wa Jumamosi ni kali sana.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, ulinzi wa Kifaransa unafaa kabisa kwa klabu. Kisichofaa ni kuingia kwenye mstari huu mmoja bila kuamua mapema unachotaka: kitunda kimoja na usalama, au vitunda viwili na mateso. Mtu asiyetaka lolote kati ya hayo ana njia tulivu, kwa mfano 5...Fd7 badala ya kumleta malkia mapema, halafu Cge7 (farasi wa g8 kwenda e7) na kusubiri. Nyeupe hawezi kukutolea gambiti kama hujamwonyesha kwamba una njaa.

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Mzee wangu, Dada na Yaya, asanteni sana. Nimewasomea wote wawili majibu yenu. Mchezaji wa Nyeusi amekubali kwamba hakuwa akiiona e6 iliyobanwa. Alidhani Df3 inatishia f7 tu, na a6 aliicheza kwa kuwa alitaka farasi aondoke. Mchezaji wa Nyeupe naye amefurahi kupita kiasi, ila nimemkumbusha kwamba Dada wa Kamalondo amesema yeye angekuwa na wakati mgumu baada ya Fd6.

Wamekubaliana kurudia nafasi hiyo Jumamosi ijayo kuanzia hatua ya 10, kila mmoja akicheza pande zote mbili, na Nyeusi mara moja acheze a6, mara nyingine ale e5. Kabla ya hapo nina swali dogo moja. Yaya wa Himbi ameishia kwenye 15...Db6 katika mstari wa 10...a6. Nyeupe anafanya nini pale? Mchezaji wetu wa Nyeupe anaona kitunda cha f4 na anataka kukisukuma tu f5 bila maandalizi.

Farasi wa Himbi (Goma)

Mwambie asiharakishe. Kwanza 16.Fe3, akimshambulia malkia kwa hatua ile ile inayomtoa askofu wake nyumbani. Nyeusi asikimbie, ajibu 16...Fc5, kwa sababu kila kipande kinachobadilishwa kinampunguzia Nyeupe nguvu za kushambulia na kitunda cha ziada kinabaki. Baada ya 17.Fxc5 Dxc5 ndipo 18.f5 inapata maana, kwani inakipiga e6 na kutaka kuifungua safu ya f kabla mfalme wa Nyeusi hajaamua aende upande gani. Nyeusi anajibu 18...Dc4, malkia anasimama kwenye mraba mweupe ambao askofu wa d3 angekuwa anaulinda kama bado angekuwepo, na kutoka pale anaibana ngome ya d3 mbele ya malkia wa e2.

Waanzie hapo kwa dakika 30 kila mmoja, wabadilishane pande, na uniletee hatua za michezo yao yote miwili. Ningependa hasa kuona kama Nyeupe atakula e6 mara moja au ataileta ngome ya a1 kwanza. Mimi huileta ngome.

Dada wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi hula e6 mara moja, kabla Nyeusi hajafanya roki ya upande wa malkia. Leteni hatua, tutaona.